Maharage ya Ejo

Nilipokuwa mtoto, maharage yalikuwa na masikio. Ndivyo alivyotuambia Nyogokuru, mama yake baba, siku ya kwanza tulipofika kwake Butihinda, na kwa kuwa nilikuwa na miaka tisa na sikujua lolote kuhusu nchi ile niliyoambiwa ni yangu, nilimwamini. Alisema maharage yakiwa jikoni huisikiliza nyumba. Kama chini ya paa hilo yupo mtu aliyemeza neno lililopaswa kusemwa, yatakaa chunguni kama kokoto, hata uyachochee kwa msitu mzima.

Leo ninapika kwa makaa, Magarama, mjini Gitega, kwenye ua tunaoutumia pamoja na familia nyingine mbili. Bado kila ninapofunika sufuria ya maharage najiuliza kidogo kama kuna nililomeza. Mume wangu hunicheka. Yeye ni mtu wa Nyarusange, na kwao, anasema, maharage ni maharage.

Nilizaliwa ng'ambo, Ngara, katika kijiji ambacho wazazi wangu walikimbilia kabla sijazaliwa. Walinilea kwa Kiswahili peke yake. Kirundi walikisema wao wawili kwa sauti ya chini, mlango ukiwa umefungwa, ili nisije nikakitoa nje na watu wakajua sisi ni wa wapi. Kwa hiyo tuliporudi, kila mtu alifurahi kwa lugha ambayo mimi nilikuwa naisikia kama mvua juu ya bati: najua ni mvua, lakini sijui inasema nini.

Baba alipata kibarua Muyinga mjini, akawa anakuja Jumapili. Nyumbani tulibaki wanawake watatu: Nyogokuru, mama na mimi. Mama alikuwa mkwe aliyerudi mikono mitupu, na alitembea mle ndani kama mgeni, akiomba ruhusa hata ya kuchota maji mtungini. Nyogokuru hakumtendea vibaya hata siku moja. Lakini kilimani, maana huko kijiji huitwa kilima, watu walikuwa na neno lao, "wale wa Tanzania", na kila kitu kilichopotea au kuharibika kilitafutiwa kwanza kwetu. Mama alinikalisha chini wiki ile ile ya kwanza akaniambia nisiguse cha mtu na nisiseme uongo, maana hapa sisi tunatazamwa. Nikasema ndiyo. Nilikuwa mtoto mtiifu, na ndiyo sababu haya ninayoyaeleza yaliniuma sana.

Nyogokuru alikuwa na rafiki mmoja, Mama Sabina. Tulimwita hivyo watoto wote, ingawa umri wake ulikuwa wa bibi. Boma lake lilikuwa ng'ambo ya migomba yetu, mwendo wa kumaliza muwa mmoja. Waliolewa kilimani pale mwaka mmoja, na tangu hapo walikuwa wanapeana moto. Atakayeamka kwanza akawasha, mwingine anatuma mtoto na kigae cha chungu kuchukua makaa. Kiberiti kilikuwepo, kimefichwa juu ya boriti ya paa, lakini Nyogokuru alikiona ni kitu cha watu wasio na jirani.

Mimi ndiye nikawa mtoto wa moto. Nilifundishwa namna yake: makaa mawili au matatu, majivu juu yake, kigae kwenye mikono miwili, na usiseme na mtu njiani mpaka umefika. Niliuliza kwa nini. Nyogokuru alijibu kwa Kiswahili chake cha sokoni, alichokipata kwa kuuza ndizi mpakani, kwamba moto unatoka nyumba moja kwenda nyumba nyingine, na ukisema katikati, maneno yako yanaingia nao mlangoni. Nilipenda ule mwendo. Ulikuwa wakati pekee wa siku ambapo kutojua kuongea hakukuwa aibu.

Sasa, neno lenyewe.

Nyogokuru alinifundisha Kirundi kidogo kidogo wakati tukimenya viazi. Siku moja alinionyesha viazi vitamu vilivyobaki, vilivyopoa, akasema ni vya *ejo*. Nikaelewa: vya jana. Nikaliweka neno hilo pamoja na mengine niliyokuwa nayo, na nililipenda kwa sababu ni fupi.

Baada ya siku chache nilikuwa peke yangu uani, nimekaa na mihogo, Mama Sabina akapita juu ya njia akiwa na mzigo wa majani kichwani. Hakusimama. Aliniita jina langu, Neema, akasema maneno mengi haraka haraka kama watu wanavyosema na mtoto wanayedhani anaelewa. Niliokota matatu tu: *nyokuru*, yaani bibi yako, kisha *ikibiri*, na *ejo*. Nikaitikia kwa kichwa. Akaendelea na safari yake.

Ikibiri ni kulima kwa pamoja. Leo majirani wote wanakuja na majembe shambani kwangu, siku nyingine tunakwenda kwako, na mwenye shamba anatenga mtungi wa pombe ya mtama, watu wanauzunguka kila mmoja na mrija wake. Kilimani pale aliyewakusanya wanawake kwa ikibiri alikuwa Mama Sabina. Akikuita umeitwa na wote, na asipokuita huna wa kumuuliza.

Nyogokuru aliporudi nikampa ujumbe kwa Kiswahili, nikijivunia kwamba nimeelewa. Nilimwambia Mama Sabina amepita, anasema ikibiri chake kilikuwa jana.

Alikuwa anafungua kitenge alichobebea kuni. Mikono ikasimama. Akaniuliza, jana? Nikasema jana. Akamaliza kufungua, akazipanga kuni moja moja kando ya mafiga, kazi ambayo siku nyingine alikuwa anaifanya kwa kuzimwaga tu. Kisha akamwambia mama, bila kumtazama, kwamba labda Sabina ameona nyumba hii siku hizi ina midomo mingi na mtama kidogo, haitaweza kurudisha mtungi, ndiyo maana akalima kwanza, akaja kutoa taarifa baadaye. Mama aliinama akaendelea kuchambua mboga. Nilimwona masikio yake yakibadilika rangi.

Shamba la Mama Sabina lilikuwa bondeni, nyuma ya mikaratusi, halionekani kutoka kwetu. Kesho yake wanawake wote walilima huko. Nyogokuru siku hiyo aliamka mapema kuliko kawaida, akawasha moto kwa kiberiti, akaenda upande mwingine kabisa kutafuta majani ya kuezekea.

Jumapili walikutana mlangoni mwa kanisa. Watu wa kwetu wakisalimiana hushikana mabega, wanaulizana habari za ng'ombe hata kama hakuna mwenye ng'ombe. Wale wawili walipitana. Mama Sabina alimtazama Nyogokuru kama mtu aliyepigwa na asiyejua kwa kosa gani. Nyogokuru naye alimtazama hivyo hivyo. Mimi nilikuwa katikati, nimeshika mkono wa bibi yangu, nikaona nyuso mbili zenye swali moja. Sikuelewa. Nilijua tu kwamba asubuhi iliyofuata sikutumwa moto, wala iliyofuata.

Shule ndiyo iliyonifumbua. Walikuwa wameniweka darasa la pili na watoto wadogo, kwa sababu ya Kirundi, na magoti yangu hayakuenea chini ya dawati. Mchana mmoja mwalimu alisema kitu chenye *ejo* ndani yake, watoto wakashangilia. Nikadhani anasifu kazi yetu ya jana. Siku ya pili nikavaa, nikabeba daftari, nikashuka kilima, nikakuta uwanja mtupu. Hapakuwa na mtu isipokuwa mzee mlinzi akifagia majani.

"We mtoto, leo hakuna masomo," alisema kwa Kiswahili. "Mwalimu hakuwaambia ejo?"

Nikamjibu kwamba alisema, lakini ejo ni jana.

Mzee aliegemea ufagio. Alicheka, si kwa ubaya. "Ejo iko jana," akasema, "na ejo iko kesho. Ni neno moja tu. Utasikia kwa namna mtu anavyosema."

Nilisimama pale uwanjani muda mrefu. Nakumbuka mbuzi mmoja alikuwa anakula ua la dirishani kwa mwalimu mkuu, na sikumfukuza. Nilikuwa namrudisha Mama Sabina juu ya njia na mzigo wake wa majani, nikimsikiliza upya. Alikuwa amekuja kuita. Alikuja mapema, siku moja kabla, kama mtu anavyomwita rafiki yake.

Nilipofika nyumbani nilimkuta Nyogokuru anakamua ndizi. Nikataka bado kuwe na nafasi kwamba mzee wa shule amekosea. Nikamuuliza, "Nyogokuru, ejo ni jana au ni kesho?"

"Ni zote mbili, mjukuu wangu," akasema.

Kisha akaacha kukamua. Alinitazama, na mimi nikatazama ndizi.

Hazikupita siku mbili akaniita, mama akiwepo. Alizungumza taratibu, kwa Kiswahili, akichagua kila neno. Alisema amesikia huko kisimani kwamba Sabina analalamika, kwamba alimtuma mtoto amwite, akadharauliwa. Alitaka kujua siku ile aliniambia nini hasa. Je, alisema kesho?

Sasa hapa nikitazama nyuma naona kulikuwa na mlango mpana kabisa, na nilikuwa nimeshikwa mkono hadi kizingitini. Ningesema, sikuelewa, ningelia kidogo, yangeisha. Lakini nilimtazama mama. Alikuwa amesimama na ungo, hapeti. Uso wake ulikuwa ule wa mpakani, wa siku tuliyovuka, alipokuwa anasubiri kuona kama karatasi zetu zitakubaliwa. Nilijua kilimani watasema nini: watoto wa Tanzania wamefarakanisha wazee. Nilijua watamwambia nani. Nikiokoa urafiki wa bibi nitamwangusha mama. Nikimlinda mama, bibi atabaki bila moto. Mtoto wa miaka tisa hana mizani ya kupimia vitu kama hivyo. Nilichagua aliyekuwa karibu yangu zaidi.

"Oya," nikasema.

Hapana. Lilikuwa neno langu la kwanza la Kirundi lililotoka bila lafudhi.

Nyogokuru aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyepokea kitu mkononi. "Haya," akasema. Akaenda kuchagua maharage.

Yale maharage hayakuiva.

Yaliwekwa jikoni asubuhi, na jioni ukilitoa moja ukalibana kwa vidole lilikuwa linateleza kama kokoto ya mtoni. Tulikula viazi. Siku ya pili akaweka mengine, yakawa vilevile. Mama akasema labda ni maji ya kisima kile cha chini. Akaomba kuongeza magadi. Nyogokuru akamzuia kwa upole, akasema magadi siyo yanayotakiwa. Hakunitazama aliposema hivyo, lakini mimi nilihisi nimetazamwa na chungu.

Siku ya tatu, ya nne. Tulikula maharage yaliyochemka bila kuiva, tukiyasaga kwa meno. Nyogokuru alikuwa na meno machache upande mmoja, akawa anayahamisha huku na huku mdomoni kwa subira, halafu anayatoa kwa adabu nyuma ya kiganja. Nilikuwa namwona. Kila tonge aliloshindwa nililihesabu kuwa langu. Kuni zilikwisha haraka, na mama akawa anapanda mlima mara mbili kwa siku. Juu ya yote mbingu ilianza kukusanya mawingu, mvua ya kwanza ilikuwa njiani, na shamba letu lilikuwa limelala halijaguswa. Bila Sabina hakuna wa kutuitia watu. Majembe mawili, la Nyogokuru na la mama, yasingemaliza hata nusu kabla ya mvua. Usipopanda na mvua ile, huna chakula mpaka mavuno ya msimu mwingine. Mama alijua. 

Mchana wa Jumamosi, Nyogokuru akiwa kisimani, nilichukua kigae.

Sikuwa nimepanga maneno. Nilifikiri nitaomba moto tu, kwamba moto wa Sabina ukiingia chini ya chungu maharage yatasamehe. Nilimkuta amekaa mlangoni anapukuchua mahindi. Hakunikaribisha wala hakunifukuza. Akatazama kigae, akauliza nani kanituma.

Nikasema hakuna mtu. Kisha Kirundi changu chote, chote nilichokuwa nacho, kilitoka kwa pamoja, na kilikuwa kidogo sana. Nikamwambia ejo ni jana. Nikamwambia mimi sikujua ejo ni kesho. Nikamwambia Nyogokuru aliuliza na mimi nikasema oya. Nilipokwama nikaendelea kwa Kiswahili, ambacho yeye hakukijua, lakini kilio kilimfafanulia.

Aliacha kupukuchua. Punje zilikuwa zinaanguka kutoka kwenye gunzi zenyewe. Halafu akauliza swali ambalo sikulitarajia. Sikusikia hasira ndani yake.

"Kwa hiyo alingoja nimwite?"

"Alingoja," nikasema.

"Na mimi nilimwekea nafasi. Mstari wa kando yangu, sikumpa mtu."

Aliinuka, akaingia ndani, akarudi na mrija. Ulikuwa wa Nyogokuru, uliokuwa ukitunzwa pale kwa rafiki yake, niliujua kwa uzi mwekundu uliofungwa juu ili usichanganyike na wa wengine. Siku ya ikibiri, aliniambia polepole, akinionyesha kwa mikono, aliuchomeka mtungini pamoja na mirija mingine, ukabaki umesimama peke yake mpaka pombe ikaisha, na wanawake wakaona. Hilo ndilo lililomkata. Kukosa jembe lingine shambani kulimuuma, lakini si kama ule mrija uliosimama bila mdomo.

Kisha akacheka. Alianza kidogo, mkono mdomoni, halafu mabega yote. "Ejo," alisema, "ejo, yoo, mtoto huyu." Akafuta macho. Akaniambia kosa la kwanza ni lake, nani anampa mtoto wa ng'ambo ujumbe huku anatembea. Kosa la pili ni langu, na hilo nimeshalileta. Akanichagulia makaa matatu makubwa, akayafunika kwa majivu. Mrija akauchomeka kwenye nywele zangu, nyuma ya sikio, kama seremala anavyoweka kalamu.

"Unajua sheria," akasema. "Usiongee mpaka nyumbani. Hata nyokuru akikuuliza."

Njiani kwenye migomba nilikutana na watoto wa darasa langu. Habari za mimi kwenda shule siku isiyo na shule zilikuwa zimewafikia. Walinifuata nyuma, wakiruka ruka, "Mutanzaniya, leo ni ejo? Mutanzaniya, utakuja ejo?" Msichana mmoja aliigiza ninavyotembea. Siku nyingine ningejibu, ningetupa hata udongo. Lakini nilikuwa na moto. Nilitembea na joto lile mikononi na sikufungua mdomo, na kadiri nilivyonyamaza ndivyo walivyochoka, mpaka wakabaki nyuma wakitafuta kingine cha kufanya.

Nyogokuru alikuwa ameshafika. Alisimama uani na mtungi wa maji bado uko kichwani. Aliona kigae, akaona moshi mwembamba, akaona uzi mwekundu juu ya sikio langu. Alishusha mtungi. Hakuniuliza kitu, nami sikusema kitu. Alikipokea kigae kwa mikono miwili, kama anavyopokea mtu anayeheshimu, akaingiza moto chini ya mafiga, akapuliza. Mrija aliutoa nyweleni mwangu mwenyewe. Mkono wake ulikaa kichwani kwangu muda mfupi kuliko ilivyohitajika, au mrefu zaidi. Sijui, ninaukumbuka mpaka leo.

Kisha akaenda kwenye vibuyu, akachagua maharage, akayaweka jikoni. Kabla jua halijazama yalikuwa yameiva, laini, yakiwa na mchuzi mzito. Nilikula nikilia. Mama alisema tu, taratibu, kwamba maji ya kisima yamekuwa mazuri leo.

Jumatatu walikuja. Sikuwahesabu, nilichokiona ni majembe yakipanda njia na Mama Sabina mbele. Kilikuwa ikibiri cha kwetu, bila kuitana, bila mtungi, maana mtama haukuwepo. Mama alichemsha viazi, akawagawia kwa aibu, na mwanamke mmoja, wala simjui jina, alikula kimoja kisha akasifu chumvi yake kwa sauti ili wote wasikie. Niliona mama akinyooka mgongo. Hawakuulizana kitu kuhusu ejo. Ikiwa Mama Sabina aliwaambia, aliwaambia kwa namna isiyogusa nyumba yetu. Mvua ilinyesha Alhamisi.

Lakini mimi nilibaki na deni la neno moja. Kwa Mama Sabina nilikuwa nimesema. Kwa Nyogokuru, aliyeniuliza uso kwa uso na nikamjibu oya, sikuwahi. Maharage yaliiva, nikajiambia kwamba yamesikia, inatosha. Kila nilipokaa naye kumenya viazi nilisema, nitamwambia kesho. Nikaacha shule darasa la sita, nikasema kesho. Nikaolewa Gitega, akanisindikiza mpaka barabarani na kikapu cha maharage ya mbegu, na bado neno lilikuwa mdomoni, nikalishusha tena. Ni rahisi kuahirisha na mtu anayekupenda. Hakudai.

Mara ya mwisho tuliongea kwa simu ya baba. Sauti yake ilikuwa imekuwa ndogo. Nilimwambia nitakuja, nitamleta mtoto, na nina neno nataka kumwambia. Akacheka kile kicheko chake cha kukohoa.

"Ni lile la ejo?" akauliza.

Nikasema la kesho, Nyogokuru, nitakuja kabla ya Jumapili. Alicheka tena tu, kisha mtandao ukakatika. Alifariki Ijumaa.

Tulienda kuzika, mimi na binti yangu Inesi mgongoni. Siku za matanga Mama Sabina, ambaye sasa anatembea na fimbo, aliniita nikae naye kando. Nikamwambia lile lililonikaa moyoni, kwamba Nyogokuru ameondoka sijamwambia.

Alinishangaa. Akasema Nyogokuru alijua tangu siku nilipomuuliza ejo ni jana au kesho. Mtoto haulizi hivyo bure. Alijua wakati ananiuliza mbele ya mama, na alijua niliposema oya. Na yale maharage, akasema, ulikuwa hujui? Yalikuwa kwenye kibuyu cha pembeni, ya misimu mitatu nyuma, yaliyokauka mpaka hayafai hata kwa mbegu. Hayo ndiyo aliyokuwa anachagua kila asubuhi. Siku niliyoleta moto ndipo alipofungua kibuyu cha maharage mapya.



Mama Sabina akaendelea, na nilisikia kwamba hata baada ya miaka yote ile bado lilimkera. Alisema walipatana, walikunywa kwa mirija, ndipo akamuuliza rafiki yake: ulijua, kwa nini hukuja kwangu? Kwa nini uliniacha nilie wiki nzima kwa ajili ya kitu ulichokwisha kukielewa? Nyogokuru akamjibu kwamba angekuja yeye, wao wawili wangepona, lakini mtoto angebaki na lile neno tumboni, na angelikuta huko siku nyingine limeshakuwa tabia. Akasema pia kwamba mkwe wake angejua binti yake amesema uongo mbele ya watu, na mkwe wake hakuwa na nguvu ya kubeba hilo mwaka ule.

"Nikamwambia alinipima vibaya," Mama Sabina alisema. "Akaniambia, wewe nilijua utanisubiri."

Nimelifikiria sana hilo. Nikiwa na mtoto wangu sasa, sijui kama ningeweza. Ningeshindwa kumwona rafiki yangu anapita njiani bila salamu, nikajua dawa, nikanyamaza kwa ajili ya mtoto. Na sijui kama alifanya haki. Mama Sabina naye alikuwa na moyo. Lakini ninajua alichokilipia, kwa sababu nilimwona akikilipa, tonge baada ya tonge, nyuma ya kiganja. Nilidhani maharage yanamwadhibu kwa ajili yangu. Kumbe alikuwa amekaa mbele yangu, ananingoja.

Nilirudi Gitega na kile kibuyu cha pembeni. Yamebaki maharage ya kujaza viganja viwili, madogo, meusi kwa kukauka. Nimeyaweka kwenye kopo juu ya dirisha. Sijayapika. Inesi ana miaka minne, na siku ya kuyahitaji itakuja.

Jioni ya juzi nilikuwa nachambua maharage uani, yeye kando yangu akinisaidia kwa kuyachanganya upya. Kirundi chake ni cha watoto wa Magarama, kinatiririka. Kiswahili ni cha kwangu, ninampa kidogo kidogo ili asikose sauti niliyokulia. Hutafsiri kichwani kwanza, ninamwona anavyokunja uso. Akainua punje moja, akaigeuza geuza, akasema:

"Mama, kesho tulienda kwa Nyogokuru, sivyo?"

Mikono yangu ikasimama juu ya ungo. Nilijua kosa liko wapi, na namna ya kulinyoosha, ni neno moja tu.

"Ndiyo, mwanangu," nikamwambia. "Kesho tulienda."